Dawa Mbili, Mwili Mmoja

Kijijini kwetu wengi hudhani kwamba dawa ikiongezwa juu ya dawa, mgonjwa hupona upesi. Nataka kuwaeleza wasomaji kwa nini sivyo.

Katika mwili mna kitu kiitwacho serotonini. Mwaka 1948 wataalamu watatu wa Cleveland, Marekani, yaani Rapport, Green na Page, walikitenga kutoka katika damu. Mwili hukitengeneza kwa triptofani ipatikanayo katika mayai, samaki na maharagwe. Yapata sehemu tisa katika kumi zimo matumboni, ambako husaidia kusukuma chakula. Kidogo tu kimo katika ubongo, nacho husaidia kuongoza usingizi na furaha ya moyo.

Dawa nyingi za ugonjwa wa huzuni huongeza kazi ya serotonini, nazo zikitumiwa kama daktari alivyoagiza humfaa mgonjwa. Lakini akiongeza dawa nyingine ya namna hiyo, kama tramadoli ya maumivu, huenda serotonini ikapita kiasi. Hapo hutetemeka, hutoka jasho, huhara, moyo humwenda mbio na akili humchafuka. Joto likipanda mno, aweza kufa. Huko New York, mwaka 1984, msichana wa miaka 18, Libby Zion, alifariki baada ya kupewa pethidini, hali alikuwa akitumia fenelizini.

Shangazi yangu alikuwa akimeza dawa za huzuni kwa siri, akiogopa kuitwa mwenda wazimu. Likizo iliyopita aliumwa mgongo, akanunua tramadoli dukani. Usiku alitetemeka hata kitanda kikalia. Hospitalini daktari alimwuliza mara tatu ni dawa gani atumiazo. Naye, akiwaona kaka zake wamesimama pale, akanyamaza. Muuguzi mmoja mwenye busara akatutoa nje sote. Ndipo aliposema. Dawa zote mbili zilisimamishwa, akapewa ya kutuliza misuli, akapoozwa joto. Kesho yake jioni alikuwa akidai uji.

Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Basi, ndugu zangu, nanyi wakubwa wetu mliotutangulia shuleni hapa, mwendapo kwa daktari chukueni dawa zenu zote, hata zile za dukani, mkamwonyeshe. Wala msiache ghafula dawa mliyopewa pasipo shauri lake. Na nyumbani tusimcheke mgonjwa wa huzuni, maana kicheko chetu ndicho kilichomfunga shangazi kinywa.