Karatasi za Ukoo, Bure

Zamani huku Meru, Arusha, hukumuuliza mzee amezaliwa mwaka gani. Ulimuuliza rika. Babu yangu mzaa baba alikuwa wa Terito, rika la waliotahiriwa kuanzia miaka ya 1920 hadi ya 1940. Baadaye wakaja Nyangusi, Seuri, Makaa, Landisi. Hesabu hiyo ilitosha kujua nani amwamkie nani na nani apewe kata ya kwanza ya pombe. Mbele ya karani wa serikali haikufua dafu.

Nilianza kutafuta karatasi mwishoni mwa miaka ya 1990, na nisijisifu: kilichonisukuma ni mirathi, si mapenzi ya historia. Njia ilikuwa moja, usharika. Wamisionari wa Leipzig waliporudi mlimani mwaka 1902, miaka sita baada ya wenzao Ewald Ovir na Karl Segebrock kuuawa Akeri, walijenga Nkoaranga, na mwaka 1904 wakafungua Ilboru kwa Waarusha. Aliyebatizwa aliandikwa. Usharikani kwetu hakuna aliyenidai hata senti. Nilidaiwa subira tu, maana mwenye ufunguo wa kabati alikuwa shambani anapalilia kahawa.

Kitabu kilikuwa kizito, kimevalishwa karatasi ya kaki, na mwandiko wa kurasa za mwanzo umelala kama majani yaliyopigwa na mvua. Babu alibatizwa akiwa mtu mzima. Jina la ubatizo lipo, jina la nyumbani lipo ingawa limepinda, wazazi wapo. Kwenye tarehe ya kuzaliwa umechorwa mstari mfupi wa wino. Basi nikarudi kulekule kwenye Terito.

Intaneti ilipofika mjini tulilipia kwa saa, kwenye vibanda vya karibu na Mnara wa Saa, na tovuti nyingi za koo zilitaka kadi ya benki ambayo sikuwa nayo. Siku hizi bando dogo linatosha. FamilySearch, mali ya Wamormoni wa Marekani, haidai ada, unajiandikisha tu. Lakini sisi majina yetu ya mwisho ni ya ukoo mzima: Kaaya, Mbise, Nnko, Pallangyo, Nanyaro. Majirani zetu Waarusha nao ni hivyohivyo, akina Mollel na Laizer. Ukiandika Mbise hujamtafuta mtu, umeita kijiji. Rafiki yangu wa ukoo wa Ayo alijaribu akaletewa Wanigeria.

Kilichonifaa zaidi ni picha. Chuo Kikuu cha Southern California kimeweka mtandaoni maelfu ya picha za wamisionari, za Leipzig zikiwemo, na yeyote anazitazama bure. Nilikesha nazo. Maelezo yake mengi yanamtaja mchungaji Mjerumani kwa jina lake, halafu waliomzunguka wanakuwa "Wakristo" au "wanawake wa Meru". Huenda mama yake babu yumo humo. Nani atanionyesha?

Kisha nikafika kwenye hati za Umoja wa Mataifa, ambazo nazo ni bure. Novemba 1951 serikali ya Mwingereza iliwaondoa Wameru wapatao 3,000 Engare Nanyuki ili walowezi wapate ardhi ya ng'ombe. Nyumba zilichomwa, watu wakaelekezwa Kingori. Wameru wakachangishana, na mwaka 1952 mjumbe wao Kirilo Japhet akaenda New York kulisemea jambo hilo mbele ya Baraza la Udhamini. Katika karatasi hizo ardhi ya watu imekuwa shamba namba 31 na shamba namba 328. Nilimsomea shangazi, dada mkubwa wa baba, namba hizo. Akacheka. Kwao palikuwa na majina, na akaanza kuyataja kama alivyosimuliwa: mfereji wa nani, mti wa kikao, alipozikwa nani. Yeye alihamishwa akiwa mgongoni mwa mama yake, hajaanza kutembea. Hivyo mwaka wake wa kuzaliwa, ambao kitambulisho chake kinauweka 1954, nimeukadiria kwa kesi ya ardhi.

Nikaifungua tena picha ya kitabu cha ubatizo niliyorudi kuipiga kwa simu miaka ya baadaye. Kati ya mashahidi wawili wa babu, ambao kwangu walikuwa majina tu, shangazi alisema mmoja ni mjomba wa bibi. Kwa mara ya kwanza nikapata upande wa bibi, ambao hautajwi wazi kwenye hati yoyote niliyoisoma, kwa kuwa walioandikwa wengi ni wanaume na wanaume ndio waliotia sahihi.

Sasa ndugu wa Dar es Salaam na mmoja aliyeko Minnesota wananitumia ujumbe: tuulizie kwa shangazi. Nimewaambia karatasi zote ni bure ila yeye. Bei yake ni kilo mbili za sukari na majani ya chai, na hapokei M-Pesa.