Utepe wa Wagika na Wagalu

Watu wa redio walikuja Lagangabilili mwaka 1977, mwaka mmoja kabla ya vita vya Kagera, na walikuja baada ya pamba kuuzwa. Wangekuja masika wangekwama; udongo wetu mweusi ukilowa hunasa hata trekta. Tena masika hakuna wa kumrekodi, kila mtu yuko shambani na jembe. Kiangazi ndipo Wasukuma tunapocheza, pesa ya pamba ikiwa bado mfukoni na michembe imeshakauka. Kundi la Wagika upande huu, la Wagalu upande ule, uwanja mmoja, na anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Ubishi huo wameurithi kutoka kwa mabingwa wawili wa zamani, Ngika na Gumha, na sijawahi kumsikia mtu akiomba uishe.

Land Rover lilisimama penye gulio, akashuka mtangazaji na fundi wake. Fundi alining'iniza mashine begani kwa mkanda wa ngozi. Sisi watoto mashine yenyewe haikutushtua sana. Kilichotushtua ni betri. Alifungua kifuniko akapanga ndani mawe matano makubwa, yale yale tuliyotia kwenye tochi na kwenye redio ya baba, ambayo yakikaribia kuisha tuliyaanika juani ili yafike angalau taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Yeye alikuwa nayo boksi zima, mapya, na akiyatoa kabla hayajafa. Baadaye nilipoijua kazi ya kurekodi nilitambua kwamba ile ilikuwa Uher ya Ujerumani, mashine ambayo waandishi wa redio wa nchi nyingi walizunguka nayo tangu miaka ya 1960. Juu ilikuwa na rili mbili za plastiki, na katikati yake ulipita utepe wa kahawia wenye upana wa robo inchi.

Manju wa Wagika alikuwa mjomba wa mama yangu. Aliimba kidogo kwa majaribio, kisha fundi akamvalisha vile vya masikioni ajisikie. Watu wakamtazama usoni, wakingoja acheke au aogope. Mzee alisikiliza hadi mwisho, akavivua, akasema, "Ng'wanawane, ngoma zimenimeza." Akawageukia wapigaji wake, akawasogeza nyuma hatua kadhaa, mwenye ngoma kubwa akampeleka hadi kwenye kivuli cha pili. Akaimba tena, akasikiliza tena, akamrudisha mmoja mbele. Fundi alikaa pembeni na maikrofoni yake, kazi imeshachukuliwa.

Matatizo yalianza pale fundi aliposema, "Mzee, shikamoo tena. Sasa naomba wimbo uanze na uishe."

"Uishe?" Mzee akaonyesha angani. "Jua si bado lipo hapa?"

Hapo fundi hakuwa na ujanja. Rili ndogo kama ile hubeba mita 180 hivi za utepe wa kawaida, na kwa mwendo wa sentimita 19 kwa sekunde zinaisha ndani ya dakika 16. Mbina, ngoma ya Kisukuma, haijui hesabu hiyo. Manju huanza kwa kujitaja yeye na ukoo wake, akapita kwa waliokufa, akamchokoza mpinzani, akasikia watu wamecheka upande gani, akaongeza chumvi upande huohuo. Hadhira ndiyo inayomwandikia nusu ya wimbo. Ukimwambia aimbe dakika tano, unamwomba achague, naye hajawahi kuchagua. Mjomba alichagua. Alitoa matusi kwa Wagalu, akabakiza sifa za pamba na za ng'ombe. Wimbo ukawa safi na, kwa maoni yangu, ukapungua nusu. Nyimbo nyingi za ngoma tunazoziita za asili tulizisikia kwanza redioni, kwa hiyo tumezipokea zikiwa zimeshakatwa kwa kipimo cha rili.

Wagalu nao ilipofika zamu yao hawakuuliza kitu kuhusu sauti. Waliuliza Wagika wamepewa utepe kiasi gani. Mmoja wao aliinama akapima kwa kidole unene wa utepe uliokwisha kujiviringa kwenye rili ya kulia, akadai hawataanza kuimba hadi na wao wahakikishiwe unene uleule. Fundi akafunga rili mpya, akawaapia. Waliimba huku mtu wao mmoja amechutama kando ya mashine, akilinda.

Tanzania Bara wakati ule ilikuwa na redio moja tu, Radio Tanzania Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 1951 ikiitwa Sauti ya Dar es Salaam. Kusikiliza kwa kundi tulishazoea: mwaka 1973, kwenye kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni mbili nchini walikaa katika vikundi kuizunguka redio, wakisikiliza habari za vyoo na malaria kisha wakajadili. Kwa hiyo tulipoingoja ngoma yetu, tuliingoja kwa nidhamu. Ilipotoka, Wagika walisikika kwanza, na Wagalu wakasema waliowekwa mwisho ndio wakubwa.

Miaka ya 1980 nilihamia Dar es Salaam, nikapata kibarua katika studio moja. Hapo ndipo nilipokutana na mashine kubwa yenyewe, Studer ya Uswisi, imesimama kwenye miguu ya chuma yenye magurudumu, na rili za sentimita 27. Kwa mwendo wa sentimita 38 kwa sekunde, rili moja ilidumu zaidi kidogo ya nusu saa. Utepe ulipita vichwa vitatu: cha kwanza kinafuta, cha pili kinarekodi, cha tatu kinasoma. Bendi ziliingia nzimanzima. Magitaa, tarumbeta, tumba na waimbaji vilipigwa kwa pamoja, na mpuliza tarumbeta akikosea mwishoni mwa wimbo wote walirudi mwanzo. Ndiyo maana nyimbo za enzi zile zina ushirikiano ambao sasa hauupati: kila mtu alimwogopa mwenzake.

Fundi mkuu alinifundisha kukata. Unazizungusha rili kwa mikono, mbele na nyuma, sauti inanguruma taratibu hadi uupate ukingo wa neno. Unaweka alama kwa penseli ya nta, unaulaza utepe kwenye mfereji wa alumini, unakata mshazari kwa wembe, unaunga kwa utepe mwembamba wa gundi. Vipande vilivyokatwa alivivaa shingoni, maana mtangazaji angeweza kurudi kudai pumzi yake.

Utepe una adui mmoja mkubwa kwenye pwani yetu, unyevu. Gundi inayoshika chembe za sumaku hunywa maji, hulainika, na utepe ukipita kwenye vichwa huacha uchafu na sauti pamoja. Tepe nyingine huokwa kwa joto la kama nyuzi 54 kwa saa kadhaa ndipo zichezeke, na hapo unahitaji mashine nzima, yenye vichwa ambavyo havijalika, na mtu anayejua kuipanga. Maktaba ya redio ya taifa ina maelfu ya rili, na mwaka 2012 ulianzishwa mradi wa kuzihamishia kwenye kompyuta, Tanzania Heritage Project.

Mwaka huohuo wa 2012 ulizaliwa mkoa wa Simiyu pamoja na wilaya ya Itilima, na Lagangabilili ikawa makao yake makuu. Vijana wa nyumbani huniuliza watazipataje sauti za mababu zao. Huwaambia kwamba sisi juu ya boksi tuliandika tarehe, mwendo wa utepe, jina la ngoma na mkoa. Nyinyi mkiandika Simiyu hamtapata kitu, wala Itilima; wakati ule tulikuwa mkoa wa Shinyanga. Tafuteni Shinyanga, ngoma, 1977, na msisahau kuuliza kama rili ni mbili.