Karani wa Waliolala

Nilipoajiriwa kuwa karani wa usharika huku Gonja, katika milima ya Upare, kazi niliyoelezwa ilikuwa ya kuandika matangazo ya Jumapili, kuingiza sadaka vitabuni wazee wakishaihesabu, na kujaza vyeti vya ubatizo na ndoa. Kutafuta mababu wa watu hakukuwamo. Kulikuja kwenyewe, kwa sababu ufunguo wa kabati la vitabu ulikuwa kwangu.

Wanaokuja kuuliza mara nyingi wana shida inayowasukuma. Wengine wana kesi ya shamba, na kaburi la babu katikati ya migomba ni ushahidi ambao hata baraza la ardhi huusikiliza. Wengine wana posa: Mpare haoi ndani ya ukoo wake, na vijana waliokutana Dar es Salaam wanajuana kwa ubini tu, Mbwambo na Mshana, bila kujua nani alitokea mlima gani. Siku hizi wanakuja pia wajukuu waliokulia Tanga na Mombasa, ambao baba zao waliteremkia mashamba ya mkonge wasirudi. Hao ndio wagumu kuwasaidia, maana wanataka mwaka, na wanautaka leo.

Mgeni huomba kwanza kitabu cha mazishi. Mimi humfungulia cha ubatizo. Kitabu cha mazishi ni kikavu: jina, tarehe, umri wa kukisia, aliyeongoza ibada. Kitabu cha ubatizo kinataja baba na mama, mahali, wasimamizi, na kama aliyebatizwa alikuwa mtu mzima, jina lake la awali limewekwa kando ya jipya. Kifo chake utakikuta ukingoni mwa mstari uleule: msalaba mdogo na tarehe, kwa wino mwingine.

Ukishafika kurasa za zamani, acha haraka. Wamisionari wa Leipzig walifungua kituo chao cha kwanza Upare, pale Shigatini, mwaka 1900, na waliandika Chasu, lugha yetu Wapare, kwa masikio ya Kijerumani. V yetu kwao ilikuwa W, ndiyo maana Vudee utaikuta imeandikwa Wudee. Nimeona watu wakifunga kitabu na kusema babu yao hayumo, ilhali yumo kurasa chache mbele, chini ya herufi nyingine. Halafu kuna mwandiko wenyewe, ule wa Wajerumani wa kale uliolala ubavu kama majani ya mpunga baada ya mvua. Niliuzoea kwa kuanzia na majina ya miezi, kwa kuwa ni machache na yanajirudia.

Mwandiko hubadilika baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza walipita chini ya milima yetu mwaka 1916 wakiifuata reli ya Tanga, na mwaka 1920 wamisionari Wajerumani wakaondolewa nchini. Sharika zikabaki mikononi mwa walimu wazalendo. Waliandika kwa ufupi, wino ukiwa haba, lakini walijua jambo ambalo mzungu hakulijua: huyu ni mtoto wa nyumba ipi. Mimi huwaamini kuliko waliowatangulia.

Wapagazi wa vita ile hawamo. Walichukuliwa kubeba mizigo, wakafa njiani kwa kuhara na homa, na katika makaburi ya kijeshi ya Moshi na Tanga mawe yenye majina ni ya askari. Mafua ya 1918 nayo yaliua watu wengi kuliko kalamu zilivyoweza kufuata. Mtu akiniambia babu wa babu yake alipotea miaka ile, simfungulii kitabu. Namwambia atafute shangazi.

Na kila kitabu kina wasiohusika nacho. Gonja ya tambarare ilikuwa kituo cha misafara iliyotoka Pangani tangu karne ya 19, na Uislamu ulipanda kwa njia hiyo. Waislamu wa huko tambarare walizika siku ileile, wakaweka jiwe kichwani na miguuni, na mwenye kujua ni familia. Wasabato walianzia Giti mwaka 1903. Wao hubatiza aliyekwisha kujitambua, kwa hiyo kitabu chao hakitakupa utoto wa mtu. Ukoo mmoja unaweza kuwa na ndugu watatu katika dini tatu, na mtafutaji anayekwenda kwa karani mmoja anaondoka na theluthi ya ukoo akidhani ameupata wote. Kisha wako waliotengwa na kanisa, mara nyingi kwa kuoa mke wa pili. Walizikwa bila kengele na bila mstari kitabuni. Watoto wao wamo, wamejaa tele, na jina la baba linatajwa kila mara. Hivyo ndivyo unavyompata.

Kwa umri, nilijifunza kuuliza matukio. Bibi asiyejua mwaka wake anajua kama alikuwa amebebwa mgongoni au alitembea mwenyewe wakati wa Mbiru, watu walipoteremka kwa maelfu kupiga kambi Same mwaka 1945 kupinga kodi. Profesa Isaria Kimambo, mwana wa Upare, alikusanya habari za koo zetu kwa kuwasikiliza wazee, na kitabu chake cha mwaka 1969 ndicho ninachowaelekeza wasomi. Angesubiri karatasi, asingeandika chochote cha kabla ya mzungu.

Kabla ya kanisa, marehemu hakuachwa ardhini moja kwa moja. Baada ya muda fuvu lilifukuliwa, likawekwa katika chungu chini ya mwamba, katika msitu wa ukoo, na hapo ndipo alipoendewa kwa tambiko. Wahubiri walilipiga vita jambo hili, na mimi mla mkate wa kanisa sina la kulitetea. Lakini kama karani nakiri kwamba ulikuwa utunzaji wa kumbukumbu ulio makini: kila chungu kilikuwa na mwenyewe.

Mwaka 2023 vijana walinijia na habari kutoka Berlin. Makumbusho ya huko yalikuwa yamechunguza mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyochukuliwa Afrika Mashariki enzi za Wajerumani, 202 kati yake yakiwa ya ardhi ya Tanzania ya leo. Moja lilikuwa limeandikwa jina, Akida, na vipimo vya vinasaba vikampata ndugu aliye hai, wa familia ya mshauri huyo wa Mangi Meli, mtawala wa Old Moshi. Waliniuliza kama nasi tupeleke mate. Nikawaambia mashine haikuanza gizani: kulikuwa na jina juu ya mfupa, na kulikuwa na familia iliyokuwa bado inalitamka.

Wenye kulitamka kwetu ni mashangazi. Mwanamume anakaa kwenye shamba la baba yake na hana sababu ya kueleza yeye ni nani. Binti aliyeolewa Vuje au Mtii anaulizwa asili yake kila msiba, mpaka aikariri. Hata hivyo vitabuni wanawake ndio wanaofifia, mama fulani, mke wa fulani, na ukoo wao umeachwa tupu.

Sasa makaburi yanavikwa marumaru. Watoto wa mjini wanakuja Desemba, wanavunja saruji ya zamani yenye jina lililochorwa kwa kijiti, na msalaba wa chuma unatupwa kwenye mfereji. Jiwe jipya linabeba jina la Kikristo na miaka miwili tu.

Basi, msomaji, kabla fundi hajainua nyundo, piga picha ya yaliyoandikwa. Na siku ya mazishi, mwinjilisti akikuuliza habari za marehemu, usiishie kwenye jina na umri. Mtajie babu, mtajie mama, na ukoo alikotoka mama huyo.