Kocha mmoja, timu mbili, wachezaji walewale!

Kuna kazi mbili hapa Mbamba Bay ambazo mtu akikwambia ni kazi moja, mkatalie palepale. Ya kwanza ni kufundisha netiboli timu ya shule. Ya pili ni kufundisha timu ya mtaani, ile inayosafiri Jumapili kwenda Liuli, Lituhi na ikibidi kupanda milima mpaka Mbinga. Mwenzenu nafanya zote mbili, na kasheshe ni kwamba wachezaji ni walewale. Binti anayeniamkia kwa adabu zote Jumatano akiwa na sketi ya shule, Jumapili yuko juu ya Canter anatafuna muwa na kunipigia kelele, "Dada kocha, dereva asimame, mwenzetu anatapika!"

Shuleni niliitwa na mwalimu wa michezo nimsaidie, kwa kuwa nilicheza GD mpaka namaliza kidato cha nne. Mshiko hakuna, soda ipo. Kule kila kitu ni UMISSETA. Unaanza ngazi za chini, unakwenda wilaya (yetu ni Nyasa, tulikatwa kutoka Mbinga mwaka 2012), halafu mkoa pale Songea, halafu taifa. Mwaka 2021 taifa lilikuwa Mtwara, 2022 likahamia Tabora. Kwa mtoto wa huku ambaye safari yake ndefu ni kwenda kwa shangazi Mbinga, kuitwa timu ya mkoa na kupelekwa Tabora si mchezo. Ila mambo yenyewe ni ya wiki chache katikati ya mwaka. Mkitolewa, mmetolewa, tukutane mwakani. Kwa hiyo kocha wa shule hana muda wa kubembeleza. Anachukua saba walio tayari, mrefu kuliko wote anamweka GK, wengine wanabeba maji.

Timu ya mtaani haina mwakani. Ni mwaka mzima, mvua zikiruhusu. Bonanza la huku zawadi ni mbuzi, jezi au mpira, na kuna siku tumesafiri kutwa nzima tukarudi na mpira uliokwisha viraka. Mfadhili wetu ni muuza duka anayetaka jina la duka lake lionekane mgongoni. Kiingilio tunachanga, pesa nyingi ni za akina mama wanaouza dagaa. Bahati barabara ya Mbinga siku hizi ni lami, kilomita kama 66 za kona na mteremko ambazo zamani masika zilikuwa zinamaliza siku na subira.

Mtindo huu si wetu peke yetu. Marekani kuna wasichana wa softiboli, ule mchezo wa ndugu yake besiboli wenye mpira mkubwa kidogo. Sehemu nyingi wanachezea shule majira ya kuchipua, joto likiingia wanahamia timu za kusafiri, wazazi wanalipia mafuta, hoteli na kocha juu. Hapa kwetu mzazi analipa kwa kukuazima binti, naye anamtaka nyumbani kabla ya saa kumi na mbili maana kuna maji ya kuchota.

Tatizo ni miguu. Netiboli haikuruhusu kukimbia na mpira. Ukiudaka unaganda, na ndani ya sekunde tatu uwe umeutoa. Kuganda kwenyewe ni juu ya udongo mkavu, wengine miguu mitupu. GA wangu anaweza kucheza shule Alhamisi, mazoezi Ijumaa, na Jumapili mechi tatu za bonanza. Shule hawahesabu Jumapili, mtaani hawahesabu Alhamisi. Mimi nina daftari la kurasa 40, naandika kila mtu kacheza robo ngapi. Akizidi, anakaa, hata kama mbuzi anatuangalia pale pembeni. Kwa hilo nimeshatukanwa na washabiki mpaka nimezoea.

Halafu kuna swali la wazazi: "Netiboli itampeleka wapi?" Huwa nanyoosha kidole ziwani. Ng'ambo ile ni Malawi, nchi ambayo timu yake ya wanawake inaogopwa duniani. Binti wao Mwai Kumwenda alikwenda Australia kuchezea Melbourne Vixens, na mwaka 2020 wakachukua ubingwa. Mama mmoja akanijibu, "Huyo ni wa Malawi, mwanangu ni wa hapa." Nikakosa la kusema. Anga moja, samaki wamoja, lakini sawa mama.

Sasa tuje kwenye kasheshe yenyewe. Senta wangu wa timu ya mtaani si mwanafunzi. Alikatisha kidato cha tatu mwaka 2023 baada ya kupata ujauzito. Mtoto wake sasa anatembea, Jumapili anakaa na bibi yake kando ya mstari akila mhogo. Wanaocheza naye ni wadogo zake wa shule. Na anacheza, wacha kabisa! Anageuka na mpira hewani, ukija kushtuka uko mkononi mwa GA.

Mzee mmoja mwenye sauti kwenye shule hiyo akaniita. Nikamwamkia, akaitika, akaniweka chini ya mti.

"Mwanangu, yule binti atawaharibu wenzake. Chagua. Atoke yeye, au wanafunzi wasipande gari lako."

"Baba, mimba si surua. Haiambukizwi kwa kupasiana mpira."

Hakucheka. Nikamkumbusha kwamba tangu tarehe 24 Novemba 2021 Wizara ya Elimu ilishatoa waraka, binti aliyekatisha masomo kwa ujauzito anaruhusiwa kurudi darasani. Kama darasani ruksa, kiwanja cha vumbi kina utakatifu gani? Akasema waraka ni wa Dodoma, yeye anaongea mambo ya hapa. Nikamwambia kwa heshima zote kwamba Senta hatoki, na nitasafiri na watakaokuja.

Jumapili tulikuwa tunakwenda Liuli, kule kwenye jiwe la Pomonda. Kati ya tisa walikuja watano. Watano! Mwamuzi akanitazama kwa huruma. Lakini sheria ya netiboli inasema timu inaweza kuanza na watano, mradi mmoja wao awe Senta. Mnaona mambo? Yule waliyetaka nimfukuze ndiye aliyetufanya tuhesabike kuwa timu. Tulifungwa, tena vizuri tu, maana watano kukimbizana na saba jua la saa nane si utani. Mbuzi tukamwona anaondoka na wengine.

Jumatatu nikiwa sokoni, mama wa GA akanishika mkono. Binti yake hakuja Liuli. Nilijua nakwenda kusemwa. Akaniuliza: mlirudi saa ngapi, wasichana wanakaa wapi kwenye gari, dereva ni nani, na yule mwenye mtoto anawaambia nini wenzake. Nikajibu moja moja. La mwisho nikamwambia ukweli, huwa anawaambia kulea ni kazi na usiku halali. Mama akafikiri. "Hayo mimi nimemwambia mara mia, hasikii." Akachomoa pesa kwenye kanga, nauli ya safari ijayo.

Walirudi wawili, halafu mmoja. Mmoja hajarudi mpaka leo, baba yake kakataa, na siwezi kumlazimisha mtu na mtoto wake. Yule mzee hanisemeshi. Shule bado wananiita mazoezini, wanaitaka Songea, na wanajua GA wao amejifunzia wapi kumkimbia beki.

Safari iliyopita tulikuwa tunarudi jioni, wengine wamelala, Senta akasogea karibu.

"Dada kocha, eti nikirudi shule, kwenye timu ya shule utanipa senta?"

"Yupo senta mwingine pale. Utagombea namba."

"Mimi?"

"Wewe."

Akanuna mpaka tukaona taa za Mbamba Bay.