Mji Unaookota Riziki Ufukweni

Mjomba wangu mpendwa,

Sisi huku Bristol tuzima. Baridi imelegea, na wajukuu zako wameanza kutoka nje bila kofia.

Uliniuliza kwenye simu watu wa huku hufanya nini jua likichomoza. Wengi hukimbilia pwani kukaa tu na kuungua. Sisi wanao tumekwenda pwani kuokota mifupa. Upo mji mdogo unaitwa Lyme Regis, jimbo la Dorset, kusini magharibi mwa Uingereza, wenye wikiendi ya visukuku, yaani mabaki ya viumbe vya kale yaliyogeuka mawe. Mahema hupigwa kando ya bahari, wataalamu wa Makumbusho ya Historia Asilia hushuka kutoka London na masanduku yao, na watoto hufinyanga wanyama wa udongo na kuuliza maswali hadi mtaalamu akaomba maji ya kunywa. Mji wenyewe umeshakubali kazi yake: hata nguzo za taa za barabarani zimeviringwa kwa umbo la amonaiti, yule mnyama wa baharini wa zamani aliyeishi ndani ya gamba la mzunguko.

Makumbusho niliyoyazoea mimi yana kamba, kioo na mlinzi mwenye jicho kali. Haya ya Lyme yanakutoa nje. Wana matembezi ya ufukweni yanayoongozwa na wanajiolojia wao, na saa ya kuondoka haipangwi na ofisi, inapangwa na bahari. Maji yakipwa mnakwenda. Yakianza kujaa mnarudi mbio, maana nyuma yenu ni jabali tupu, hakuna pa kupandia. Wewe uliyekulia na kalenda ya bamvua ungewafundisha Waingereza wengi waliokuja na viatu vya kanisani.

Sheria yao ndiyo iliyonishangaza. Jiwe lililolegea ufukweni ni lako, okota uende nalo. Jabali usiliguse kwa nyundo, wala usikae chini yake. Kisukuku kikubwa au cha nadra lazima kiandikishwe, na makumbusho hupewa nafasi ya kwanza ya kukinunua. Basi. Mtoto wa miaka saba anaondoka na kiumbe cha miaka karibu milioni 195 mfukoni, na hakuna anayemfuata. Sababu yenyewe ni ya mtu mwenye akili timamu: majabali haya ni tabaka za tope na chokaa, na mvua za kila kipupwe huyaporomosha. Kinachoanguka kisipookotwa, mawimbi yanakisaga kikawa mchanga.

Mei 2008 kipande cha pwani cha mita kama 400, mashariki ya mji, kiliporomoka mara moja, kikashuka na jalala la zamani la mji lililokuwa juu yake. Ndiyo maana hadi leo unainama kutafuta amonaiti unakuta shingo ya chupa, kigae cha sahani ya maua na vyuma vilivyoliwa na kutu. Kiongozi wetu, mama mmoja mwenye magoti ya matope, alituambia tusiudharau huo uchafu. Amonaiti wa hapa wengi wamegeuka pairaiti, madini mazito yanayong'aa kama dhahabu ya uongo, na bahari hukusanya vizito pamoja: palipo na misumari, chimbua hapohapo. Binti yangu akachuchumaa kwenye kokoto, pua karibu iguse maji. Baada ya muda akanyoosha kidole chenye kitu kisichofika upana wa ukucha wangu. Mikunjo yote ilikuwepo, mmoja ndani ya mwingine, na vijistari vyake vyembamba vikionekana hata bila lenzi. Nami nilipata belemnaiti, kile kijiwe kirefu chenye ncha kama risasi, ambacho kilikuwa sehemu ya ndani ya mnyama wa ukoo wa ngisi.

Kila mtoto alipiga kelele "dinosaria!" na kila mara yule mama alisahihisha kwa upole. Hapa palikuwa bahari ya joto. Waliozama topeni ni ikthiosauri na plesiosauri, reptilia wa majini. Dinosaria ni mgeni wa nadra kwenye mawe haya.

Jengo la makumbusho lilijengwa mahali palipokuwa nyumba ya mwanamke mmoja, Mary Anning, aliyezaliwa 1799. Baba yake alikuwa fundi seremala aliyeokota visukuku na kuwauzia watalii. Alifariki 1810 akaacha madeni. Mwaka uliofuata kaka yake Mary alikuta fuvu la ikthiosauri, na Mary, akiwa na miaka 12, akautafuta mwili uliobaki mpaka akaupata. Mnyama mzima aliuzwa kwa pauni 23. Mwaka 1823 alifukua plesiosauri kamili, wa kwanza kujulikana. Mabwana wa London wakamjadili mnyama huyo kwenye Chama cha Jiolojia bila kulitaja jina la aliyemtoa topeni. Chama chenyewe hakikupokea wanachama wanawake hadi 1919, naye Mary alikuwa kaburini tangu 1847. Sanamu yake ya shaba iliwekwa mjini 2022 tu, baada ya kampeni iliyoanzishwa na binti wa shule na mama yake. Amechongwa anatembea, mbwa wake yuko pembeni. Mbwa huyo alifunikwa na jabali mwaka 1833, Mary mwenyewe akiponea chupuchupu.

Unajua akili yangu ilikwenda wapi, Mjomba. Ilikwenda Tendaguru, huko kwetu Lindi. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walitoa huko zaidi ya tani 200 za mifupa ya dinosaria, ikafungwa kwa mianzi na kubebwa na wapagazi kwa miguu mpaka bandarini kwetu Lindi. Mjusi wetu, mmoja wa dinosaria hao, amesimama Berlin tangu 1937, kimo cha mita 13 na ushee, na wabunge wetu wamemdai bungeni zaidi ya mara moja. Waliomfukua walikuwa watu wetu, wakisimamiwa na Boheti bin Amrani, ambaye jina lake liliingia kwenye sayansi mwaka 2007 dinosaria mmoja wa Tendaguru alipoitwa *Australodocus bohetii*. Mary alikaa Lyme, na watoto wa Lyme wanamjua. Watoto wangapi wa Lindi wanamjua Boheti? Kumrudisha mjusi ni hoja nzito, waachie wakubwa waipiganie. Lakini hema moja ufukweni, nakala chache za plasta na mwalimu anayeweza kusimulia habari za Boheti, hayo hayahitaji meli wala balozi.

Usidhani nataka sheria ya Lyme iletwe kwetu. Pale bahari inakula, afadhali mtoto achukue. Tendaguru ni mashamba na pori, hakuna wimbi linaloukimbilia mfupa, na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inavilinda visukuku. Wajukuu zako nimeshawaambia: huko ni kutazama tu. Mdogo amenuna.

Kuhusu chakula cha Lyme hutaki kujua. Samaki na chipsi ni vizuri, lakini shakwe wa Lyme ni majambazi; mmoja aliteremka akaninyang'anya kipande cha samaki mkononi, watu wakacheka.

Tunakuja Agosti, Mungu akipenda, shule zikifungwa, na barabara itakuwa kavu. Niulizie mambo mawili: kibali cha kwenda Tendaguru kinaombwa kwa nani, na yule kijana wako mwenye Land Rover bado anaikodisha, au keshaiuza? Tutakuwa watu watano. Mkubwa ameshaandika maswali yake kwenye daftari, na la kwanza ni lako: babu zetu, waliokuwa wakipita na kuiona mifupa ile kabla Mjerumani hajafika, walisema ni ya nani?