Tulipokula Daku Ghorofani

Kwenye kona ya Brick Lane na Fournier Street, mashariki mwa London, lipo jengo la matofali lililojengwa mwaka 1743 na Wahuguenoti, Waprotestanti waliokimbia mateso Ufaransa. Mwaka 1819 likawa la Wamethodisti. Mwaka 1898 Wayahudi waliohamia kutoka Ulaya ya Mashariki wakaligeuza sinagogi, na tangu 1976 ni msikiti wa Wabangladeshi. Humo ndimo nilimokuwa nikisali Ijumaa miaka ile ya 2003 na 2004, usingizi ungali machoni, maana nilikuwa mfanya usafi wa usiku katika maghorofa ya mabenki, si mbali na hapo kwa miguu.

Tuliingia kazini saa nne usiku, tukatoka saa kumi na mbili asubuhi. Mshahara ulikuwa kima cha chini cha sheria, ambacho kuanzia Oktoba 2003 kilikuwa pauni 4.50 kwa saa. Ukishalipa kitanda katika chumba cha watu wanne na nauli ya basi namba 25, kinachobaki ndicho unachotuma nyumbani, na nyumbani wanadhani unaficha. Zamu yetu ilikuwa ya Waghana, Wakolombia, Wabangladeshi, Wasomali na Wareno. Waswahili tulikuwa wawili: mimi wa Mombasa, na mzee mmoja wa Unguja tuliyemwita Maalim, kwa kuwa kwao aliwahi kusomesha chuo. Mwanamke aliyetuzidi sote umri, Mghana wa kanisa la Kipentekoste, kila mtu alimwita Mama. Halafu alikuwepo Katalani.

Katalani alikuwa kijana wa Barcelona, naye alikuwa anarkisti: hataki serikali, hataki bosi, wala dini haitaki. Kifuani, chini ya sare ya kampuni, alibandika beji yenye kauli ya zamani ya watu wake, kwamba hakuna mungu wala bwana. Mama aliiona usiku mmoja tukiwa kwenye lifti. Akamuuliza maana yake, na kijana hakuzunguka, akamweleza. Mama akauliza tena: ni kweli watu wenu walichoma makanisa? Tulikuwa tumeshafika juu, na Katalani alikuwa amekwisha kuchomeka mashine ya kufyonza vumbi. Akaizima. Akasema ni kweli. Julai 1936, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza Hispania, makanisa ya Barcelona yaliwaka, na katika vita hivyo maelfu ya mapadri na watawa, hata maaskofu, waliuawa. Babu yake alikuwa mwanachama wa CNT, chama kikubwa cha wafanyakazi cha waanarkisti. Hakumtetea babu wala hakumkana. Mama akamwangalia, akachukua kitambaa chake akarudi kwenye vioo.

Nilimheshimu kijana kuanzia usiku ule. Angeweza kudanganya, na sisi tusingejua.

Maalim yeye hakukasirishwa na beji. Aliniambia, "Mwanangu, huyu kaanza vizuri. Kasema hakuna mungu. Bado kumalizia tu." Akasema hivyo kwa dhati, kama mwalimu anavyomtarajia mwanafunzi aliyeishia katikati ya shahada ya Kiislamu, hapana mungu ila Allah.

Wenzake Katalani ndio waliokuwa na taabu. Ijumaa moja baadhi yao walikuja hadi karibu na msikiti kugawa karatasi za kuwaita wafanyakazi wajiunge na chama chao cha wafanyakazi. Madai yaliyoandikwa yalikuwa ya haki: mshahara, likizo ya ugonjwa, kufukuzwa ovyo. Lakini juu kabisa, kwa herufi nene, waliweka maneno ya kuikejeli dini. Niliwaona wazee wa Kibangladeshi, watu waliovunjika migongo majikoni na viwandani, wakisoma mstari wa kwanza na kuikunja karatasi. Hakuna aliyefika kwenye mshahara. Nilichukia sana, kwa sababu hao ndio waliokuwa na shida ya mshahara kuliko wote.

Nilimweleza Katalani. Kesho yake akanipeleka kwenye duka la vitabu la waanarkisti, katika uchochoro mwembamba wa Angel Alley, ubavuni mwa jumba la sanaa la Whitechapel, akanisimulia habari za Rudolf Rocker. Huyu alikuwa Mjerumani wa Mainz, amezaliwa 1873 katika familia ya Kikatoliki. Alipohamia London mwaka 1895 alikuta washona nguo wa Kiyahudi wakinyonywa katika vyumba visivyo na hewa. Akajifunza lugha yao, Kiyidi, mpaka akawa mhariri wa gazeti lao. Wakati huo walikuwepo wanaharakati wa Kiyahudi walioona ushujaa ni kuwachokoza washika dini mbele ya masinagogi, hata siku ya Yom Kippur, ambayo ni ya mfungo na toba. Mwaka 1904 zilizuka ghasia mitaa hiyohiyo. Rocker, asiyeamini, hakupendezwa na uchokozi huo. Nguvu zake alizimalizia kwenye viwanda vya nguo. Mwaka 1912 maelfu ya washonaji wakagoma wakashinda, na kwa kuwa makuli wa bandari walikuwa bado kwenye mgomo wao na njaa imeingia majumbani, familia za Kiyahudi zikawachukua watoto wa makuli, zaidi ya 300, zikawalisha na kuwavika. Wengi wa makuli hao walikuwa Wakatoliki wa asili ya Ireland.

Ramadhani ya 2004 ikaanza katikati ya Oktoba. Mapumziko yetu yalikuwa saa saba usiku. Tuliofunga tuliomba yasogezwe hadi saa kumi alfajiri, tupate kula daku tumekaa badala ya kumeza tende juu ya ngazi. Msimamizi akakataa, akidai wasio Waislamu watalalamika. Katalani akaandika ombi kwa jina la zamu nzima. Mwenzake mmoja chamani alimlaumu kwamba chama kinatetea wafanyakazi, hakitetei ibada. Akajibu kuwa mapumziko ni mali ya mfanyakazi. Akitaka kula, kusali au kulala, ni juu yake. Karatasi ilipofika kwa Mama, akaiweka juu ya ndoo akatia saini, kisha akaipeleka mwenyewe kwa wanawake wa zamu yetu waliosali kanisani kwake.

Upande wetu nako kulikuwa na kazi. Vijana wawili walisema hawatii saini karatasi ya kafiri. Maalim akawaketisha, akawakumbusha kiapo cha Hilf al-Fudul. Mfanyabiashara kutoka Yemen alidhulumiwa bei ya bidhaa zake Makka, na watu wa koo kadhaa wakakutana nyumbani kwa Abdullah bin Jud'an wakaapa kusimama na kila aliyedhulumiwa. Mtume alihudhuria akiwa kijana, kabla ya kupewa utume, na baadaye akasema lau angeitwa kwenye kiapo kile katika Uislamu angeitika. Maalim akawauliza, waliokaa nyumba ile walikuwa wa dini gani? Vijana wakatia saini.

Mapumziko yakasogezwa. Tulikula katika chumba cha ndoo na madawa, wali wa jana na maharagwe, Mama akituletea chai. Katalani alikuwa akikaa nasi, ingawa hakufunga hata siku moja na hakujifanya. Na sisi tukashika zamu zao za usiku wa kuamkia Jumapili ili Mama na wenzake waende kanisani.

Mwaka 2005 ofisi ya Meya wa London ilitangaza kiwango cha mshahara wa kuishia, pauni 6.70 kwa saa, baada ya makanisa, misikiti na vyama vya wafanyakazi vya mashariki mwa jiji kukidai kwa miaka. Sisi hatukukipata mwaka ule, tulikipigania zaidi. Katalani alirudi Barcelona bila kumwamini Mungu, na mimi sijaacha kusali. Katika wote niliofanya nao kazi London, yeye ndiye ningemkabidhi tena madai yangu.