Orodha Niliyoifuta

Mwaka 2005 nilikuwa na duka la intaneti Tanga, na nilikuwa na maringo. Wenye maduka wenzangu walihangaika na virusi kila wiki. Mimi nilikuwa nimewahamisha wateja wangu wote kutoka Internet Explorer kwenda Firefox, na ukutani nilikuwa nimebandika karatasi iliyoandikwa kwa wino mwekundu: HAPA INTANETI NI SALAMA. Karatasi ile ndiyo inayoniandikisha haya.

Kuhama kwenyewe sikujutii. Internet Explorer 6 ilitoka mwaka 2001, ikaja ndani ya Windows XP, na ikakaa miaka mitano bila mrithi. Kompyuta nyingi mno duniani ziliitumia, kwa hiyo aliyegundua tundu moja alikuwa amepata funguo za mtaa mzima. Ilikuwa na kitu kinachoitwa ActiveX, kilichoruhusu ukurasa wa tovuti kuingiza programu kwenye mashine. Mteja anaulizwa kwa Kiingereza, anakubali ili aendelee na shughuli zake, basi, umekwisha. Juni 2004 wahalifu waliingilia seva za tovuti halali kabisa, wakapandikiza humo msimbo uliomvizia kila aliyezifungua kwa Internet Explorer na kumwekea programu ya kunasa anachoandika. Mwezi huohuo US-CERT, kitengo cha serikali ya Marekani cha usalama wa kompyuta, kilitaja kutumia kivinjari kingine kuwa mojawapo ya njia za kujikinga. Firefox 1.0 ikatoka tarehe 9 Novemba mwaka huohuo. Ya bure, haina ActiveX, inazuia matangazo yanayoruka mbele ya macho, na faili lake la kushusha wakati ule halikufika MB 5.

Hilo la mwisho ndilo lililonivuta zaidi. Mkongo wa intaneti wa baharini, Seacom, ulifika pwani yetu 2009 tu. Sisi wakati ule tulitegemea dishi la satelaiti juu ya paa, na kushusha masasisho ya Windows kwa mashine zote kungekula siku nzima huku wateja wamenuna. Tena Windows zenyewe zilikuwa za kunakili, tusidanganyane.

Kazi ilikuwa wateja. Wao walijua alama moja tu, ile "e" ya bluu. Nilipoiondoa, watu walisimama wakaniuliza kama intaneti imekatika. Nikafanya ujanja: nikairudisha "e" ya bluu mahali pake, nikaipa jina INTERNET, lakini ukiibonyeza inafunguka Firefox. Malalamiko yakakoma. Wengi hawakujua kabisa kwamba wamehama, na mimi nikajiona fundi.

Sasa angalia nilichokifanya. Nilikuwa nimewabadilishia watu chombo bila kuwaambia, na kwa kuwa sikuwaambia, sikulazimika kuwaeleza kinavyofanya kazi. Kwa hiyo hata mimi sikujishughulisha kukijua.

Firefox ya miaka ile, ukishatuma nenosiri lako la barua pepe, ilileta kidirisha katikati ya skrini kikiuliza kama ikukumbukie nenosiri. Kidirisha hakiondoki mpaka ukijibu. Mteja amelipia shilingi 500 za nusu saa, dakika zake zinapungua pale pembeni, ukurasa unafunguka kwa kujikokota, halafu kinatokea kitu cha Kiingereza kimemziba. Anabonyeza chochote. Mara nyingi anakubali.

Internet Explorer nayo ilihifadhi maneno ya siri, lakini haikuwa na mahali pa kuyaonyesha; mwizi alihitaji programu maalumu ya kuyachomoa. Firefox iliyapanga kwenye orodha. Unaingia kwenye Options, unatafuta palipoandikwa Passwords, unakuta jedwali: huku tovuti, huku jina la mtumiaji, na chini kitufe cha Show Passwords. Ukikibonyeza, yote yanatokeza kama yalivyoandikwa. Siwalaumu walioitengeneza. Waliilenga kompyuta ya mtu mmoja chumbani kwake, na waliweka nenosiri kuu la kuifungia orodha hiyo kwa anayetaka. Mimi nilikuwa na mashine zinazokaliwa na watu wasiojuana kuanzia asubuhi hadi usiku, na nenosiri kuu sikuliweka. Ukurasa ule sikuwahi hata kuufungua.

Aliyeumia, kwa ninavyojua, ni mwalimu mmoja wa sekondari ambaye kaka yake alikuwa akifanya kazi Muscat. Alikuja Jumatatu asubuhi, nikiwa na ufagio mkononi.

"Kaka, habari za asubuhi. Naomba unisaidie, maana mimi sielewi. Kaka yangu anasema nimemwandikia kwamba mama anaumwa, atume pesa kwa jina la jirani kwa sababu kitambulisho changu kimepotea. Ametuma. Jana kapiga simu kumjulia hali mama, mama yuko uani anachambua mchele."

Tulifungua barua pepe yake. Barua ile ilikuwa imetulia palepale kwenye zilizotumwa, Kiswahili chake kizuri tu, na saa yake ilikuwa ya usiku, wakati yeye yuko nyumbani na duka langu bado liko wazi. Hiyo saa niliiona. Nikaipita. Nikamuuliza nenosiri lake ni lipi, swali ambalo fundi mwenye adabu haulizi, akaniambia: jina la mwanawe wa kwanza.

"Aa, Mwalimu, hapo ndipo tatizo lilipo. Jina la mtoto kila mtu mtaani analijua."

Akainamisha kichwa. "Basi kosa ni langu."

Jioni ile, baada ya kufunga, dhamiri ilinisukuma nianze kuzipekua mashine moja baada ya nyingine. Kwenye mashine aliyopenda kukaa, ile ya karibu na feni, nilifungua orodha, nikabonyeza kitufe. Jina la mwanawe lilikuwa pale, limeandikwa kwa herufi kubwa mwanzoni kama jina linavyostahili. Juu yake na chini yake walikuwamo wateja ninaowafahamu: mfanyabiashara wa vitenge, mwanafunzi aliyekuwa akiomba nafasi ya masomo nje, mzee mmoja mstaafu aliyekuja kusoma barua za wajukuu. Niliteremsha, orodha ikaendelea. Mashine nyingine zilikuwa vivyo hivyo.

Niliifuta yote. Nikazima kile kidirisha, na lilipotoka toleo la 1.5 mwishoni mwa mwaka, nikaziweka mashine zifute kila kitu zinapofungwa. Kazi safi. Sikumwambia mtu.

Hapo ndipo lilipo kosa ninaloliungama. Kutojua kuna udhuru kidogo. Lakini usiku ule nilikuwa nimeshajua, na kila aliyekuwamo kwenye orodha ile alistahili kuambiwa abadilishe nenosiri lake kabla jua halijachwa siku ya pili, kwa sababu sikujua nani mwingine alikwishaipitia na kuinakili. Karatasi moja mlangoni ingetosha, na kalamu nyekundu nilikuwa nayo. Ila ingebidi niibandike kando ya ile nyingine, na jirani mwenye duka mkabala angeisoma kwa sauti.

Jumamosi Mwalimu alirudi. Alinionyesha kwa mbali kipande cha karatasi chenye nenosiri jipya, refu, herufi na tarakimu zimechanganywa. "Safari hii nimejitahidi, Kaka." Nikamsifu. Nilimsifu kweli, kwa maneno mengi, na kila neno lilikuwa linamrudishia yeye mzigo wangu.

Duka nililifunga simu zilipoanza kuleta intaneti mfukoni. Januari 2010, baada ya Google kushambuliwa kupitia tundu la Internet Explorer, serikali za Ujerumani na Ufaransa ziliwashauri wananchi wao waiache kwa muda, na vijana wakanipigia kuuliza wahamie wapi. Microsoft yenyewe iliizika rasmi tarehe 15 Juni 2022. Swali halijafa: kivinjari kipi salama? Ninaulizwa na watu ambao jana tu waliingia steshenari kuchapisha wasifu wa kuombea kazi, wakafungua akaunti zao kwenye kompyuta ya pale, wakaondoka bila kuzifunga. Siku hizi hayabaki maneno ya siri tu. Akaunti iliyounganishwa na kivinjari inaweza kuvuta historia, alamisho na kila nenosiri lililohifadhiwa kwenye simu, ikamwekea mwenye duka. Nawajibu kwamba hama ukitaka, kizuri ni kile kinachosasishwa upesi. Kisha nawauliza wamekiachia nini, na kwenye mashine ya nani. Wengi wanaona nimekwepa swali.

Mwaka jana nilikutana na Mwalimu kwenye foleni ya benki, amestaafu. Foleni ilikuwa ndefu, nikamweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Kwa hiyo jina la mwanangu halikuwa na tatizo?"

"Lilikuwa na tatizo, Mwalimu. Ila silo lililokuibia."

"Maana kaka yangu mpaka leo ananiita mzembe. Kila tukikaa pamoja, hadithi ni hiyo."

Akatoa simu, akabonyeza, akasubiri, akasalimia. Kisha akanikabidhi. "Mwambie wewe."

Nikamwambia, watu wa mbele na nyuma wakisikia. Kaka yake alikaa kimya kidogo, akauliza kama mimi ndiye yule wa duka lenye tangazo jekundu. Nikasema ndimi. Akauliza riyali arobaini za Oman kwa bei ya leo ni shilingi ngapi.

Ninamlipa kwa awamu.